Mtego wa kunguru Vingunguti: ruhusa ya kuua inafika wapi

Vingunguti, si mbali na machinjio, anaishi bibi mmoja anayefuga kuku wa kienyeji. Mayai anauza mtaani, majogoo wanasubiri Idi. Kinachomrudisha nyuma ni kunguru. Aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kuelezwa: kuku anatotoa vifaranga kumi na wawili, wiki haijaisha wamebaki wanne, na waliopotea umewaona kwa macho yako wakipaa wakiwa mdomoni mwa ndege. Penye machinjio na majalala kunguru hakosi chakula, na akishiba huko anakuja kumalizia uani kwa watu.

Bibi alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa kizimba cha nondo nyembamba na wavu wa kuku, kimo chake kinafika kifuani mwa mtu mzima. Mlango wa kuingilia uko juu na umezamishwa ndani, kwa kanuni ile ile ya dema la wavuvi: kuingia rahisi, kutoka hakuna. Chambo ni utumbo. Na kwa kuwa kunguru ni mjanja, hatui mahali asipomwona mwenzake, ndani alifungwa kunguru mmoja hai, mguu mmoja umefungwa kwa uzi wa nailoni kwenye kijiti. Huyo kazi yake ni kuwaita wengine.

Ijumaa asubuhi waliingia watano. Mwenye kazi ya kuwaua ni mjukuu wa bibi, dereva wa bodaboda, na siku hiyo alipata abiria wa harusi wa kwenda Bagamoyo, hakurudi mpaka Jumapili. Kizimba kikabaki juani bila kivuli wala kopo la maji. Jumamosi watoto waliotoka madrasa walikuwa wakirusha kokoto kupitia matundu ya wavu, wakishindana shabaha. Jumapili wawili walikuwa wameshakufa. Waliobaki walikaa chini midomo wazi, mabawa yamelegea. Yule wa chambo uzi ulikuwa umezama kwenye ngozi ya mguu, na juu ya uzi mguu umevimba na kugeuka rangi. Pembeni yake alikutwa njiwa, naye amekufa. Alikuwa njiwa wa jirani.

Jirani ni mzee mstaafu ambaye njiwa wake anawajua mmoja mmoja. Alikuja juu, maneno yakawa mengi, na baada ya Isha wakafikishana kwa imamu wa mtaa, barazani kwake. Bibi alianza: "Shehe wangu, Mtume wetu kamruhusu kunguru auawe hata Makka, sembuse Vingunguti?" Mzee akajibu: "Bibi, kuua sikatai. Lakini hawa hukuwaua. Uliwaacha wafe."

Nimewasikiliza wote wawili, na darsa iliyofuata nilikuwepo. Nakiandika kisa hiki kwa sababu bibi si mtu mkatili, na aliyoyafanya yanafanyika katika nyua nyingi za mji huu na watu wanaoswali swala tano. Wana hadithi ya kuua mkononi. Hadithi ya namna ya kuua wanayo pia, walihifadhishwa wakiwa watoto, ila hawaziweki pamoja.

Hoja ya bibi ni ya kweli, na isipuuzwe. Imepokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Bi Aisha kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja viumbe watano waharibifu wanaouawa hata ndani ya eneo takatifu: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Eneo la Makka windo lake halifukuzwi na mti wake haukatwi, na bado hao watano wametolewa. Kwa hiyo asije mtu akamwambia bibi kwamba kutega kunguru kwenyewe ni haramu.

Kwenye darsa kijana mmoja alileta pingamizi zuri. Riwaya moja ya Muslim inamtaja kunguru mwenye mabaka meupe. Huyo kwetu anafanana na kunguru wa asili, mwenye kifua cheupe, ambaye mjini siku hizi unamtafuta. Wanaotusumbua ni wale wa shingo ya kijivu, wenye asili ya Bara Hindi, waliofika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye wakaenea pwani nzima. Je, nao wamo? Jibu liko kwa Ibn Hajar al-Asqalani katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Bukhari: wanavyuoni wamekubaliana kumtoa kunguru mdogo anayekula nafaka, na waliobaki wanaunganishwa na yule wa mabaka. Imamu Malik alitazama madhara: hao watano wanauawa kwa kuwa wanaudhi. Imamu Shafi alitazama kwamba ni katika wasioliwa. Kwa mizani yoyote ya hizo mbili, ndege anayebeba vifaranga hai na kula mizoga jalalani hatoki kwenye orodha.

Basi kutega kumeruhusiwa. Hapo ndipo watu wengi hufunga kitabu, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanza.

Hadithi ya 17 katika Arbaini ya Nawawi, iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws, inasema Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu: mkiua, ueni kwa uzuri, mkichinja, chinjeni kwa uzuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Tazameni ilivyopangwa. Kuua kumetajwa peke yake, kabla ya kuchinja, na kuchinja ni kwa anayeliwa. Maana yake hata yule usiyemla, unayemwondoa kwa sababu ya madhara yake, ana haki katika namna anavyouawa. Hadithi hii haipingani na ile ya watano. Moja inakupa ruhusa, nyingine inakwambia ruhusa hiyo unaitumiaje.

Swali la kizimba ni jingine kidogo, kwa sababu kati ya kumkamata na kumuua kulikuwa na siku mbili. Hukumu ya siku hizo mbili ni ipi? Baadhi ya waliokuwa barazani walisema: kunguru hana heshima kisheria, yaani si katika wanyama ambao uhai wao unalindwa, kwa hiyo hakuna wajibu wa kumlisha. Nusu ya kwanza ya maneno hayo imo vitabuni. Waliyoyaacha ni nusu ya pili. Khatib al-Shirbini, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 977 Hijria, anaizungumzia hali hii hii katika Mughni al-Muhtaj, mlango wa matumizi, yaani gharama za kuwatunza walio chini ya mtu. Kwanza anaeleza wajibu wa mtu kuwalisha na kuwanywesha wanyama wenye heshima alionao. Kisha anawatoa wasio na heshima, mfano wale watano: hao si lazima awape malisho, bali awaachie waende, na haijuzu kuwafungia ili wafe kwa njaa. Na dalili anayoileta ni ile ile ya Shaddad: mkiua, ueni kwa uzuri.

Kwangu mimi hapo kisa kimekatwa. Aliyemkamata kunguru ana milango miwili: amuue upesi na kwa namna nzuri, au amwachie. Mlango wa tatu, wa kumweka ndani hana maji hana chakula mpaka jua limalize kazi, haupo. Na ukiusoma vizuri mpangilio wa maneno yale utaona kwamba kukosa wajibu wa kumlisha hakukufanywa sababu ya kumtesa. Kumekuwa sababu ya kumfungulia. Ukimnyima chakula, usimnyime na mlango.

Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, ambayo imo Bukhari na Muslim, inabeba maana hiyo hiyo. Alimfunga, hakumlisha wala kumnywesha alipomfunga, wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Hakumpiga, hakumchoma kisu. Kosa lote liko kwenye kumfunga na kuondoka. Mtu anaweza kusema paka si kunguru, na ni kweli paka ana heshima na haruhusiwi kuuawa ovyo. Lakini maumivu ya kiu hayaulizi jina la mnyama, na maneno ya Shirbini yameshatufungia njia ya kutofautisha katika jambo hili.

Bibi alipoulizwa alisema hakukusudia wafe kwa njaa, alikuwa anamsubiri mjukuu. Namwamini. Kwenye dhambi ya moyo, kukusudia na kutokusudia si sawa. Ila aliyetega ndiye anayejua kwamba mtego unafanya kazi yeye akiwa amelala au amesafiri. Usipokuwa na mtu wa kuukagua asubuhi na jioni, usiutege siku hiyo. Uache wazi, utoe chambo. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo linaloangusha wengi: mtego unawekwa kwa shauku, kisha maisha ya mjini yanamchukua mtu, foleni, msiba, abiria wa Bagamoyo, na huku nyuma kuna kiumbe hai mikononi mwake.

Panya naye yumo kwenye orodha ile ile ya watano, na watu wa Dar wanamnunulia gundi. Wamachinga wanapita nayo na kipaza sauti, pamoja na sumu ya mende na kunguni. Panya anayenasa kwenye gundi hafi kwa gundi. Anakufa kwa kiu, kwa kuchoka na kwa hofu, saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku, akijing'ata na kujichuna ngozi. Asubuhi anatupwa jalalani na ubao wake, bado anapumua. Wapo wanaommwagia maji ya moto au mafuta ya taa na kiberiti. Mtume (s.a.w.) amekataza kuadhibu kwa moto, akasema haadhibu kwa moto ila Mola wa moto, na alisema hivyo baada ya kuona kijiji cha sisimizi kimechomwa, kama alivyopokea Abu Daud. Ikiwa sisimizi wamesemewa, panya na kunguru wanaingia humo humo. Mtego wa chuma unaovunja shingo mara moja uko karibu zaidi na hadithi ya Shaddad kuliko gundi, na ndio ningeununua mimi.

Turudi kwenye yule aliyefungwa mguu. Huyu alinisumbua kuliko wote, kwa sababu wale watano walisahauliwa, yeye aliwekwa makusudi. Wanavyuoni wa Kihanbali wana maneno ya wazi juu yake. Wametaja uwindaji wa kutumia ndege hai aliyeshonwa macho au kufungwa ili awavute wenzake, wakasema ni makruhu kwa sababu ndani yake mna kumtesa mnyama. Uzi wa nailoni uliozama kwenye mguu ni mateso hayo hayo kwa sura ya kwetu. Imamu alimtaka mjukuu akate uzi papo hapo, na mguu ukaonekana umeshakufa. Ndege yule akachinjwa, na sidhani kulikuwa na rehema nyingine iliyobaki kwa ajili yake.

Je, chambo hai kiachwe kabisa? Hapa niliona mawazo ya darsa yakigawanyika, na naheshimu pande zote. Wengine walisema kunguru hafugwi, basi hata kumweka kizimbani siku moja ni kumfuga. Rai yangu ni kwamba asifungwe kamba kabisa. Awe huru ndani ya kizimba, na kivuli, maji ya kutosha na chakula kila siku, na asikae humo muda mrefu kuliko haja. Mtume (s.a.w.) alimwona Abu Umayr, mtoto mdogo, na kidege chake cha kuchezea, akamtania kwa upole na wala hakuagiza kiachiwe, na wanavyuoni wamechukua humo kwamba kumweka ndege ndani inafaa akitunzwa. Sharti liko kwenye neno akitunzwa. Asiyeweza kulitimiza atumie utumbo peke yake, hata kama atakamata wachache.

Kuhusu watoto na kokoto sina maneno mengi, maana Ibn Umar ameshamaliza. Alipita kwa vijana wa Kiquraishi waliomsimamisha ndege wakimtupia mishale. Walipomwona wakatawanyika. Akasema: Mwenyezi Mungu amlaani aliyefanya hivi, Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya chochote chenye roho kuwa shabaha. Iko kwa Muslim. Na Anas alipowakuta vijana wamemfunga kuku wanamlenga, alisema Mtume amekataza wanyama kufungwa ili wauawe kwa kulengwa. Mtoto mmoja alijitetea kwa imamu kwamba walikuwa wanamwadhibu kunguru kwa kula vifaranga. Imamu hakumkaripia. Alimketisha, akamweleza kwamba kunguru hana taklifu, hakuandikiwa halali wala haramu, hana dhambi ya kuadhibiwa. Anaondolewa kwa sababu anadhuru, basi. Naona lile lilikuwa jambo bora kabisa kusemwa usiku ule, kwa sababu hasira ndiyo inayofungua mlango wa ukatili, hata kwa wakubwa. Mtu akishaamini kwamba panya au kunguru anastahili adhabu, haoni tena sababu ya kumuua upesi.

Njiwa ndiye aliyekuwa na kesi ya fedha. Mzee alidai fidia. Bibi alisema kizimba kiko uani kwake, njiwa kaingia mwenyewe. Kwa asili hoja yake inasimama: mtu aliyechimba kisima kwenye kiwanja chake hadaiwi kwa aliyetumbukia, na hadithi ya kwamba kisima hakina dia (fidia) imo kwa Bukhari na Muslim. Kama njiwa angeingia usiku na kufa kabla mtu hajajua, nisingeona cha kumdai. Lakini imamu aliuliza swali moja: ulimwona lini? Bibi akajibu kwa ukweli, na ukweli huo ni heshima kwake, kwamba alimwona Jumamosi alasiri, akaogopa kufungua kunguru wasije wakatoka wote.

Hapo hukumu inageuka. Katika fiqhi ya Kishafi, nguo ya jirani iliyopeperushwa na upepo ikaanguka uani kwako ni amana mikononi mwako, ingawa hukuiomba. Unatakiwa umrudishie au umjulishe mara unapoweza, na ukikaa kimya huku unaweza, ikaharibika, unalipa. Njiwa ni mali ya mtu, mwenyewe yuko ukuta wa pili, kumwita hakuhitaji hata kuvaa viatu. Tena Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa Kishafi, katika kuhesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, ametaja kutomkusanya mnyama na kinachomdhuru, na njiwa mmoja katikati ya kunguru wenye njaa ni mfano ulio wazi. Imamu alisema bibi alipe thamani ya njiwa yule. Mzee, alipoona mwenzake amekubali bila ubishi, akachukua nusu na nusu akasamehe.

Kuna aliyeuliza kuhusu kunguru waliokufa, ambao mjukuu alitaka kuwatundika juu ya banda kuwatisha wengine, kama wengi wanavyofanya. Aliyekwisha kufa hasikii maumivu, kwa hiyo si suala la kutesa. Ni mzoga na ni najisi, unanuka, na jirani ana haki yake. Ukitundikwa mbali na njia ya watu kwa muda mfupi sioni tatizo, na huenda ukaokoa kunguru wengine wasifike mtegoni.

Serikali nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Sikuona mtu akiitaja barazani, na bado maamuzi yaliyofikiwa hayakuwa mbali nayo.

Makubaliano yalikuwa haya. Mtego unaruhusiwa, lakini utategwa siku ambazo mjukuu yupo nyumbani, na mlango wake wa juu utafungwa kwa kipande cha bati siku nyingine. Upande mmoja utawekewa kivuli na sufuria la maji. Atakayenasa atauawa siku hiyo hiyo kwa kisu kikali shingoni, mmoja mmoja, si kwa kuzamisha kizimba kizima ndani ya pipa la maji kama jirani mwingine alivyopendekeza. Ndege mwingine yeyote, tetere, njiwa, kwarara, aachiwe papo hapo hata kama kunguru wote watatoka naye. Na bibi aliahidi kuweka wavu juu ya sehemu ya vifaranga, jambo ambalo fundi alisema gharama yake haifiki ya kile kizimba. Kisheria si lazima aanze na wavu, maana kunguru anauawa hata kabla hajashambulia. Ila wavu unalinda vifaranga wote kila siku, na mtego unaondoa kunguru wachache katika maelfu.

Lililobaki ni viota kwenye mwembe wa mzee. Mjukuu alitaka kupanda avishushe vyote, na ndani ya viwili vifaranga walikuwa wanalia. Mtu akakumbusha hadithi ya Abu Daud kutoka kwa Ibn Masud, ya maswahaba waliochukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika, na Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyu kwa watoto wake, mrudishieni. Mjukuu akasema yule hakuwa kunguru, na kwa hukumu ana hoja. Imamu alimwambia viota visivyo na kitu na vyenye mayai avitoe kesho yake asubuhi. Vile viwili avisubiri mpaka makinda waruke, kisha apande, na mara nyingine apande mapema.